Usiku wa Giza katika Mkondo wa Pemba

Harufu ya vanishi ya waya inayoungua haifanani na harufu nyingine yoyote chomboni. Si ya dizeli, wala ya mpira, wala ya chakula kilichoshika sufuria. Niliisikia saa tatu usiku tukiwa magharibi ya Pemba, na papo hapo nikajua inatoka kwenye kazi ya mikono yangu.

Chombo chenyewe ni mashua ya matanga ya mita 11, hulala Kilifi. Mwenyewe ni mzee mstaafu, na alipopata kunijua alikuwa amenunua betri mpya miaka mitatu mfululizo. Zilikuwa betri za maji, mbili, za ampea-saa 100 kila moja. Hata altaneta alikuwa ameshabadilisha, akatoa ya ampea 55 akafunga ya 120, lakini friji iliendelea kuzima alfajiri na betri ziliendelea kufa.

"Fundi," aliniambia, "nawasha injini saa nzima kila siku. Huo umeme unakwenda wapi?"

Ulikuwa unapotelea njiani. Nilipima kwenye altaneta nikapata volti 14.2, kisha nikapima kwenye vichwa vya betri nikapata 13.0. Kati yake palikuwa na dayodi za kugawa chaji baina ya betri ya kuwashia injini na betri za matumizi, nazo peke yake hula volti 0.7 hivi. Palikuwa pia na waya wa milimita 10 za mraba, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Shaba ya unene huo na urefu huo hupoteza nusu volti ampea 30 zikipita. Zikipita 60, hasara ni volti nzima. Kwa hiyo altaneta kubwa haikuwa na la kufanya, maana kadiri ilivyosukuma zaidi ndivyo njia ilivyokula zaidi. Betri ya asidi, ili ijae, inataka ifikishwe karibu volti 14.4 na ishikiliwe hapo saa kadhaa. Ikilala nusu shibe siku nenda siku rudi, salfeti huganda kwenye bamba zake za risasi na kuwa ngumu, na hapo betri haifufuki tena.

Nikang'oa dayodi. Altaneta nikaielekeza moja kwa moja kwenye betri za matumizi kwa kebo ya milimita 35 za mraba, na ile ya kuwashia nikaiwekea chaja yake ndogo. Kuanzia siku hiyo friji haikuzima tena.

Miezi michache baadaye mzee akaniita nione betri zake mpya za lithiamu, ampea-saa 300, alizokwisha kuzifunga mahali pa zile za maji. Nikatazama kebo, nene. Nikajaribu nati, zimekazwa. Nikamwambia, "Ziko sawa, Mzee." Kosa lilitendeka hapo, gatini, mchana kweupe, na lilikuwa langu, kwa sababu yeye alikuwa ananitegemea mimi.

Betri ya asidi kadiri inavyojaa ndivyo inavyopunguza kupokea, na altaneta hupata kupumzika. Lithiamu haina tabia hiyo. Upinzani wake wa ndani ni mdogo mno, hupokea kila inacholetewa karibu mpaka mwisho. Na altaneta ya kawaida, ambayo kwa asili yake ni ya gari, imeundwa kurudisha kile kidogo kilicholiwa na starta, kisha ifanye kazi nyepesi. Ile 120 iliyoandikwa ubavuni ni ya altaneta iliyo baridi na inayozunguka kwa kasi. Ibane ndani ya kisanduku cha injini, kwenye joto letu la pwani, uitake itoe yote saa mbili mfululizo, uone itakavyokuwa. Ule waya mwembamba na zile dayodi nilizozitoa kwa fahari ndizo zilizokuwa zikiikinga, bila mzee kujua wala mimi kufikiri.

Tulitoka Nungwi kurudi Kilifi mwezi wa Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Jua lilipotua upepo ukafa. Betri zilikuwa zimefika nusu, kwa kuwa friji na usukani wa umeme vilifanya kazi mchana kutwa. Tukawasha injini, tukaenda taratibu, tanga kuu likining'inia bila kazi.

Harufu ilipokuja nikaongeza kosa la pili. Nikamwomba mzee apunguze mwendo ili altaneta ipoe. Lakini feni yake huzunguka na injini. Injini ikishuka, hewa nayo inapungua, huku betri bado inadai. Nilichopaswa kufanya ni kuzima injini, altaneta iache kuzalisha kabisa, basi.

Nilikuwa nimeshika tochi na spana nilipousikia mlio mdogo, kama swichi inafyatuka. Seli moja ya lithiamu ilijaa kabla ya wenzake, na bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikafanya wajibu wake: ikaikata betri. Altaneta iliyokuwa inamwaga ampea nyingi ghafla haikuwa na pa kuzipeleka, na volti ikaruka juu kwa makumi. Taa za njia zikafa, nyekundu, kijani na ile nyeupe ya tezi. Redio ikafa. Ramani ya kielektroniki ikawa kioo cheusi. Dayodi za altaneta yenyewe hazikusalimika.

Dizeli ile haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka, hivyo injini ilinguruma vilevile. Lakini kaskazini yetu kulikuwa na taa za meli ya mizigo, na nyekundu na kijani zake zilionekana zote mbili. Anayejua bahari anajua maana yake: imekuelekea wewe. Mzee alikamata usukani kwa mkono, akageuza kuelekea upande wa Pemba. Mimi nikamulika tanga kuu kwa tochi, nikalishikilia lile duara jeupe mpaka mkono ukatetemeka. Sijui kama walituona. Taa ya kijani ilizibwa, ikabaki nyekundu, na ile meli ikapita.

Sasa chombo kile kimefungwa upya. Altaneta inachaji kwanza betri ya kuwashia, ya asidi, ambayo haikatwi kamwe injini ikizunguka. Mzee ameelezwa hilo na limeandikwa juu ya swichi kuu. Kutoka hapo, chaja ya betri kwa betri hupeleka ampea 30 tu kwenye lithiamu. Ni chache, na mzee alinung'unika kwamba sasa injini inanguruma muda mrefu zaidi, ila altaneta haivuki inachoweza kutoa bila kuumia. Njia nyingine ni regyuleta ya nje yenye kipima joto kilichofungwa kwenye altaneta, inayopunguza uzalishaji inapokaribia nyuzi 100. Hiyo ni ghali, lakini kwa chombo kinachoishi baharini ningeinunua kabla ya betri yenyewe. Na redio ya mkononi, yenye betri yake, sasa inaning'inia mlangoni.

Mafundi wenzangu wa Mtwapa, Tanga na Nungwi, lithiamu zinaingia pwani yetu kwa wingi, na nyingi zinafungwa na watu wasiowahi kuifungua altaneta. Mteja akikuonyesha betri zake mpya na kukuuliza kama ziko sawa, usimjibu hapohapo. Mwombe awashe injini, ikae nusu saa ikichaji, kisha upime joto la altaneta ndipo umpe jibu.