Senti Moja na Ukimya wa Mjuzi

Katika fedha zote za Marekani hapana iliyodharauliwa kama senti. Ni sehemu moja katika mia ya dola. Huanguka njiani na mwenyewe asiiname kuiokota. Huachwa katika kisahani karibu na sanduku la fedha dukani, ili mnunuzi atakayepungukiwa ajisaidie. Kufikia mwaka 2024 gharama ya kupiga senti moja ilikuwa imezidi senti tatu na nusu, na mwezi wa Novemba, 2025, kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilipiga za mwisho kwa matumizi ya sokoni. Hata hivyo, miongoni mwa fedha hiyo hiyo iliyodharauliwa vimo vipande ambavyo watu wenye akili timamu hutoa mamia ya dola kuvipata, na vingine maelfu. Havina dhahabu ndani yake. Ni shaba ile ile. Nataka kuuliza thamani hiyo inakaa wapi. Na nyuma ya swali hilo liko jingine zito zaidi, ambalo ndilo lililonitia kalamu mkononi: mtu aijuaye thamani hiyo ana wajibu gani kwa mtu asiyeijua?

Yafaa kwanza msomaji aijue senti yenyewe. Kuanzia mwaka 1793 hadi 1857 senti ya Marekani ilikuwa kipande kikubwa na kizito cha shaba tupu, upana wake ukikaribia ule wa nusu dola. Shaba ilipopanda bei, kipande kile kikawa mzigo kwa serikali na kwa mifuko ya raia pia. Sheria ya tarehe 21 Februari, 1857, ikaleta senti ndogo yenye upana wa milimita 19, sehemu 88 katika mia zikiwa shaba na 12 zikiwa nikeli. Mchongaji James B. Longacre aliipamba kwa sura ya tai arukaye. Kabla ya sheria kupita, mwaka 1856, kiwanda kilikuwa kimepiga mamia kadhaa za mfano ili wabunge na wakubwa wengine wazione. Na baadaye, wakusanyaji walipozililia, zikapigwa nyingine zenye tarehe ile ile ya 1856. Kwa hiyo tangu mwanzo wa senti ndogo walikuwapo watu walioweza kutengeneza uhaba kama mwashi atengenezavyo matofali.

Tai hakukaa sana. Mwaka 1859 ikaja sura ya Uhuru, mwanamke aliyevikwa taji la manyoya la Wahindi Wekundu, nayo ikadumu miaka 50. Mwaka 1864 nikeli iliachwa, shaba ikachanganywa na bati na zinki kidogo. Mwaka 1909, ilipotimia miaka mia tangu kuzaliwa kwake Abraham Lincoln, sura yake ikachukua mahali pa lile taji, kazi ya mchongaji Victor David Brenner.

Brenner alitia herufi za mwanzo za majina yake matatu, V.D.B., chini kabisa katika upande wa nyuma wa sarafu. Watu wakanung'unika kwamba fundi amejitangaza katika mali ya taifa, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha herufi zikawa zimeondolewa. Lakini kiwanda cha San Francisco kilikuwa kimekwisha kupiga 484,000 zenye herufi hizo pamoja na alama yake ya S. Hizo ndizo zinazotajwa kwa heshima kuu na kila mkusanyaji wa senti ndogo. Sasa tazama ajabu: mwaka huo huo kiwanda hicho kilipiga 309,000 tu za mwisho zenye taji la manyoya. Mtu angedhani iliyo chache zaidi ndiyo ghali zaidi. Sivyo. Ile ya Lincoln kwa kawaida huipita nyingine bei, japo ni nyingi kuliko hiyo, kwa sababu wanaokusanya Lincoln ni wengi mno. Basi uchache peke yake hauzai bei. Kitu kilicho kimoja duniani, ambacho hapana akitakaye, ni takataka moja duniani.

Ni nini kilichowafanya wengi hivyo kuzitaka? Nadhani sababu moja ni ndogo hata kuchekesha. Katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, ziliuzwa nchini Marekani karatasi ngumu zenye matundu, zikichapwa na kampuni ya Whitman huko Racine, Wisconsin. Kila tundu lilikuwa na mwaka na herufi ya kiwanda, na upana wake ulitosha senti moja. Burudani hiyo haikuwa na gharama kubwa: kijana alichagua senti katika chenji ya mama yake, akaitia tunduni, na siku mambo yalipokuwa magumu aliweza kuitoa akanunulie mkate. Lakini matundu mengine hayakujaa. Tundu tupu lilimkodolea macho kila jioni. Tamaa ya maelfu ya watu wazima wa leo ilizaliwa katika matundu yale matupu, nao hununua kwa mamia ya dola utulivu wa kuliona limezibwa.

Hata kosa lina bei. Mwaka 1955, Philadelphia, muhuri mmoja ulitengenezwa vibaya, ukawa na tarehe na maandishi yaliyopigwa mara mbili pasipo kulingana, hata mtazamaji akadhani macho yake yana ugonjwa. Kosa lilipotambuliwa, senti hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingi zilizo njema, na wakubwa wakaona afadhali ziende zote kuliko kuyeyushwa zote. Zaidi ya 20,000 zikatoka. Yasemekana nyingi ziliwafikia watu ndani ya pakiti za sigara: mashine ilipokea sarafu ya senti 25, sigara zilikuwa za senti 23, na senti mbili za chenji zilibanwa katika karatasi ya nje. Mvutaji alitupa karatasi, na pengine na utajiri wake. Senti iliyo kamilifu ya mwaka huo haina bei ya kutajwa, iliyoharibika inatafutwa.

Sasa nadhani twaweza kusema thamani hii inakaa wapi. Haimo katika shaba, maana shaba ni moja. Haimo katika uzuri, kwani kosa hushinda ukamilifu, na mkusanyaji hodari humkataza mwanafunzi wake asiioshe senti kuukuu wala kuisugua, kwa kuwa weusi wa miaka mia huhesabiwa kuwa heshima, na iliyong'arishwa hushuka bei papo hapo. Imo katika habari. Senti ya mwaka 1877 ina thamani kwa kuwa twajua kwamba mwaka huo zilipigwa 852,500 tu. Asiyejua habari hiyo anaona kipande cha shaba kilichochakaa, na kwa macho yake hakosei.

Walaghai waliyatambua haya zamani. Senti ya mwaka 1914 iliyopigwa Denver, yenye herufi D, ni adimu. Ya mwaka 1944 ya kiwanda hicho hicho ni tele. Basi mlaghai huchukua ya 1944, akaikwangua tarakimu ya nne ya kwanza hata ikafanana na moja. Lakini nafasi baina ya tarakimu hubaki pana mno. Tena herufi za Brenner, zilizorudishwa mwaka 1918 kwa udogo kabisa begani mwa Lincoln, haziwezi kuwapo katika senti ya kweli ya 1914. Vivyo hivyo mwaka 1943, shaba ilipohitajiwa vitani, senti zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na chache mno zikapigwa kwa bahati katika visahani vya shaba vilivyosalia. Walaghai huipaka shaba senti ya chuma, sumaku huwaumbua. Kila mtu huwalaani walaghai hawa, nami nawalaani pamoja naye. Wanaifanya shaba iseme habari isiyo yake.

Lakini yuko mtu mwingine, ambaye hatumlaani kwa sauti hiyo. Tuseme ni katika mji mdogo wa Ohio. Mjane ameweka mtungi wa senti za marehemu mumewe juu ya meza, na mnunuzi amekuja kuuona. Anazimimina, anazigeuza kwa kidole. Katikati yake mna kipande cha karatasi kilichokunjwa, anakikunjua, ndani yake mna senti ya 1877. Hakuna kinachobadilika usoni pake. Mjane anamwuliza kama zina maana yoyote. Naye anajibu kwamba atatoa dola 20 kwa mtungi mzima. Hakusema uongo. Hakukwangua tarakimu. Mjane ameridhika, maana alidhani atapata dola kumi. Mnunuzi atatoka na mamia ya dola mfukoni, na pengine usiku atawasimulia rafiki zake kama mwindaji.

Kumtetea si vigumu. Ujuzi wake aliupata kwa kazi: miaka ya kusoma, macho aliyoyachosha kwa kioo cha kukuzia, hasara alizopata alipokuwa mwanagenzi. Je, daktari hatozi ada kwa ajuacho? Tena mwenye kuona senti adimu katika chenji yake dukani hatakiwi kuirudisha. Na akiiona mezani pa mchuuzi wa sarafu, mchuuzi ambaye amekaa pale kwa kudai kwamba anajua, kunyamaza ni sehemu ya mchezo ambao wote wawili wameukubali.

Haya mawili ya mwisho nayakubali. Aliyepokea senti dukani aliipokea kama senti kutoka kwa mtu aliyeitoa kama senti; hapana aliyemtegemea mwenziwe. Na mchuuzi ni pambano la wenye silaha. Ila mjane aliuliza. Hapo pana tofauti ambayo utetezi wote haujaigusa.

Wenye falsafa wana mfano wa kale, alioueleza Cicero katika kitabu chake cha tatu juu ya wajibu. Mfanyabiashara amefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, naye anajua kwamba majahazi mengine yamo njiani na bei itaanguka. Je, aseme? Diogenes wa Babiloni alishikilia kwamba kutosema si sawa na kuficha. Mwanafunzi wake Antipater akasema lazima aseme. Na Cicero akaelekea upande wa Antipater. Mimi ningeweza kumwonea huruma mfanyabiashara yule, kwani habari aliyoinyamazia ilikuwa nje ya nafaka. Mkate wa Rhodes ungeshibisha vile vile, majahazi yaje au yasije. Lakini kwa mnunuzi wa Ohio habari siyo jambo lililo nje ya bidhaa. Habari ndiyo bidhaa. Shaba ya senti ile haimfai kitu, wala yeye haitaki. Anachokitaka ni mwaka na maana yake, na hicho hakukilipia hata kidogo: alilipia shaba, akachukua habari. Mlaghai huipa shaba habari isiyo yake. Huyu humnyang'anya mwenye shaba habari iliyo yake. Sioni kwamba umbali baina yao ni mkubwa kama tunavyopenda kudhani.

Tena ujuzi si ngao ya uadilifu. Mwaka 1949 William H. Sheldon, bingwa wa zile senti kubwa za zamani, alitoa kipimo cha hali ya sarafu kuanzia 1 hadi 70, ambacho leo hutumika hata kwa senti ndogo katika biashara yote ya Marekani. Baadaye ikagunduliwa kwamba mtu huyo alikuwa amebadilisha sarafu katika hazina ya American Numismatic Society ya New York, akitwaa zilizo bora na kuweka mahali pake zake zilizo duni za aina ile ile. Na katika miaka ya 1990 kesi iliyotokana na jambo hilo iliamuliwa huko California kwa upande wa jumuiya. Alikuwa amekwisha kufa. Fikiri jinsi wizi ule ulivyokuwa: hesabu ya vipande haikupungua hata kimoja. Asiyejua angefungua visanduku akakuta kila kitu mahali pake. Ni mjuzi tu aliyeweza kuiba hivyo, na ni mjuzi tu aliyeweza kuona kwamba ameibiwa.

Sisemi mnunuzi asipate faida. Ana kodi ya duka, ana safari, ana miezi ya kungoja mteja. Akimwambia mjane kweli yote, kisha akataja bei iliyo chini ya ile atakayouzia, na mjane akakubali huku akijua, hapo amelipwa ujira wa ujuzi wake kwa haki. Jambo hili lina gharama, na asiyelitaja gharama hiyo hahubiri ila kwa maneno. Mjane akijua, anaweza kuikunja tena karatasi na kwenda kwa mnunuzi wa pili, atakayetoa zaidi. Mtu mwaminifu hupoteza senti nyingi za 1877 namna hiyo.

Au huenda mjane asiiuze kabisa. Miaka yote aliufuta mtungi ule vumbi, akadhani ni mchezo wa mzee wake, na kikaratasi kile hakukifungua hata mara moja. Sasa mgeni amemwambia kwamba katika shaba ile yote mumewe aliitambua moja, akaitenga, akaikunja kwa mkono wake. Ataomba kukishika kile kioo cha kukuzia, aione tarehe mwenyewe.