TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: FUNGA ISIYO SIRI



Funga yetu hii haina shahidi. Ukijifungia chumbani ukanywa maji, hakuna anayejua ila Mola wako. Ndiyo maana si adabu kumbana mtu, "Wewe, umefunga kweli?"

Lakini iko funga nyingine, ya mgonjwa anayesubiri upasuaji. Kwa kawaida anaambiwa asile kwa masaa 6, na kama chakula ni kizito, zaidi ya hapo. Maji matupu yanaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla. Wengi tunadhani ni utaratibu tu wa hospitali. Ukipewa nusukaputi, koo nalo linalala. Kile kikohozi kinachozuia chakula kisiende njia ya hewa kinazimika. Daku iliyobaki tumboni ikipanda, inaingia mapafuni pamoja na asidi yake, na mtu anaweza kufa.

Tena mara nyingi unapewa na dawa ya kulegeza misuli, basi hupumui kabisa. Mwenzio ndiye anakupumulia. Anapitisha mpira kooni, mashine inasukuma hewa, naye yuko karibu na kichwa chako anaangalia kifua kinavyopanda, oksijeni ya damu, na hewa unayotoa. Mashine ikikorofisha, anaminya mfuko kwa mkono. Huenda hata jina lake usilijue.

Huyo ndiye anakuuliza, "Umekula saa ngapi?" Na hapo watu tunateleza. Umekula daku saa 10 alfajiri, chai ya maziwa na chapati mbili (na chai ya maziwa si maji, jamani), upasuaji ni saa 2 asubuhi. Unajibu, "Sijala." Unaogopa kurudishwa nyumbani, au unawaonea haya watoto waliochanga hela.

Ni uongo mdogo? Mimi naona ni khiyana, na si kwa mwili wako peke yake. Umemkabidhi mtu pumzi yako, naye anaamua kwa neno lako. Ukimdanganya, unamfanya akudhuru bila kujua, kisha abaki na mzigo huo maisha yake yote. Huyu ana haki ya kuuliza.

Mwambie ulivyokula. Kama si dharura, atasogeza upasuaji. Kama ni dharura, anazo njia za kukulaza na kuikinga njia ya hewa upesi. Na siku ya funga iliyokupita kwa ugonjwa utailipa baadaye.

Allah awaponye wanaoingia chumba cha upasuaji kesho, awape nguvu na wale watakaokesha vichwani pao. Amin.