Kipande Cheusi Ndani ya Chaja

Ukipata chaja ya simu iliyokufa, ifungue. Katikati utakuta kidude kilichovishwa utepe wa manjano. Bandua utepe, kunjua waya wa shaba, na mkononi utabaki na kipande cheusi kinachovunjika kama kigae. Hiyo ni feriti. Wewe mwanafunzi wa fizikia unayehangaika kutafuta mada ya utafiti, usiipite.

Kazi yake ni kuwa kiini cha sumaku ndani ya waya huo, na chuma cha kawaida hakiiwezi kazi hiyo. Umeme wa ukutani una masafa ya hezi 50, lakini ndani ya chaja hukatwa na kuunganishwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mikondo ya umeme huzuka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto. Feriti haipitishi umeme kirahisi, ndiyo maana inahimili.

Na ilitoka wapi? Chuoni! Mwaka 1930, katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, Yogoro Kato na Takeshi Takei walikuwa wakichunguza feriti, kitu ambacho kwa wasafishaji wa zinki kilikuwa kero tupu. Kufikia 1935 kampuni ya TDK ilikuwa imeanzishwa ili kuiuza kero hiyo.

Kazi haijaisha. Mwaka 1948 Snoek, mtafiti wa Philips huko Uholanzi, alionyesha kikomo kinachotusumbua hadi leo: kadiri feriti inavyoitikia sumaku kwa nguvu, ndivyo inavyoshindwa mapema masafa yanapopanda. Sasa zipo swichi za galiamu naitraidi zinazokata umeme mamilioni ya mara kwa sekunde, na kiini cha sumaku cha kwenda nazo bila kupoteza nishati nyingi bado kinatafutwa. Kwa nini asikipate mtafiti anayesoma makala haya?

Usiseme huna maabara. Malighafi kuu ya feriti ni oksidi ya chuma, na kutu yenyewe ni oksidi hiyo. Unahitaji oksidi safi, mizani, kinu, mashine ya kushindilia na tanuri la nyuzi joto 1,200 au zaidi. Kifaa cha kupimia masafa ya juu ni ghali, kweli. Basi kabishe hodi idara ya mawasiliano ya simu. Finyanga pete, ichome, izungushie waya, pima, chora grafu. Ikiporomoka kwenye megahezi mbili, uliza kwa nini hapo na si mbele zaidi. Badili kiasi cha zinki kwenye mchanganyiko, choma nyingine. Andika pendekezo leo usiku, kesho asubuhi uwe mlangoni kwa msimamizi wako.