Mashini Moja, Mama Wawili

Mama mwalimu, mama muuguzi, mjane wa mtu wa reli: kazi imekwisha, barua ya kustaafu imesomwa na kukunjwa, na pensheni, tuseme kweli, wengi wetu bado tunaifuatilia ofisini. Mashini ya kushona iko pembeni ya sebule, imegeuzwa meza ya redio na dawa za presha. Tafutia redio mahali pengine! Futa vumbi, jaribu kanyagio kwa mguu, kisha uende ukamwite mwenzako.

Mwenzako hasa ndiye ninayemtaka, maana kushona peke yako uzeeni kuna ugonjwa wake. Kila kitu huanzwa, hakuna kinachokwisha. Pazia limekatwa tangu Pasaka na bado halijapindwa, kwa sababu hakuna wa kukuuliza. Lakini akiwepo rafiki anayekuja kila Jumatano kutoka Alunguli, ng'ambo ya mji wetu wa Kindu, aliyelipa nauli ya mtumbwi ili auvuke Lualaba, utaona haya kumwonyesha pazia lilelile katika hali ileile. Haya hiyo ni dawa tosha. Jumanne usiku utapinda pindo lako kwa taa ya sola.

Usiniambie umeme hakuna. Mashini zetu hazijawahi kuuhitaji! Isaac Singer alipata hataza ya mashini yake Marekani mwaka 1851, na kanyagio la Kindu leo linafanya kazi kwa namna ileile: mguu unasukuma, mkanda wa ngozi unazungusha gurudumu, sindano inashuka. Ikikwama, legeza, safisha nyuzi zilizojikusanya karibu na bobini, tia matone machache ya mafuta ya mashini. Si mawese, tafadhali. Pasi ni ya mkaa, na mkaa huo mmoja unatosha nguo zako na zake.

Macho je? Hapo ndipo uwili unapolipa. Mmoja bado anaona tundu la sindano, mwingine ana mkono imara wa mkasi. Tazama kukata kikwembe cha yadi 6, kile cha blauzi na vitambaa viwili vya kujifunga. Ukiwa peke yako unakitandaza kitandani, kinateleza, na ua moja linaangukia bega la kushoto na jingine tumboni. Mkiwa wawili, mmoja anashika ncha, mwingine anatafuta maua yanayofanana kabla chaki haijagusa kitambaa. Mteja hajui kwa nini blauzi ile inamkaa vizuri, lakini jirani yake atataka kama hiyo.

Wala msianze kwa kununua. Fungueni masanduku! Wa rika letu tunakumbuka vitambaa vya kiwanda cha Sotexki vilivyotoka Kisangani, kwa treni kilomita 125 hadi Ubundu, kisha boti likapanda mto hadi kwetu. Kama kimoja kimebaki sandukuni na kimetoboka, kingo zake bado ni nzima, na kingo hizo ni foronya mbili za mto.

Shuka nalo huchakaa katikati, pale mwili unapolala. Lichane kwa urefu, katikati kabisa, pale palipoisha. Zile pande mbili za nje, ambazo hazijalaliwa, ziunganishe kwa mshono bapa ziwe katikati mpya, kisha kata sehemu mbovu pembeni na upinde upya. Litapungua upana kidogo. Kwa kitanda cha wajukuu linafaa kabisa, na mmeokoa bei ya shuka jipya. Kazi hiyo inataka mikono minne, maana kitambaa kirefu humvuta mshonaji mmoja hadi mshono unapinda. Mmoja akanyage, mwingine apokee nyuma ya mashini.

Baada ya mashuka mawili mtakuwa mmezoeana mwendo, na hapo ndipo fedha inapoingia. Tangu Septemba 2019 serikali yetu ya Kongo ilipotangaza shule ya msingi bila malipo, watoto wengi zaidi wameingia darasani, na kila mmoja anatakiwa kuwa na shati jeupe na sketi au suruali ya buluu. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Julai, nyinyi ndio mnafungua! Kateni saizi tatu tu, ndogo, ya kati, kubwa. Akate mmoja, ashone mwingine, na vifungo mvishone jioni barazani mkipiga soga. Agosti mama wa soko watakuja mbio, kama wanavyokuja kila mwaka kabla ya Machi 8 kwa ajili ya vikwembe vya sikukuu ya wanawake.

Jambo moja gumu, nalisema waziwazi: daftari. Urafiki wa miaka mingi umevunjwa na rola ya uzi. Andikeni nani alinunua nini, na mkopo wa shati kwa shemeji wa yeyote usitoke bila wote wawili kukubali. Likelemba, kuchangishana fedha kwa zamu, mnaijua tangu ujana, nidhamu ni ileile.

Wengine watawaambia mngoje shirika lilete semina na fulana. Waache wangoje. Wewe una mkasi, yeye ana uzi, na mmoja wenu ana mashini. Jumatano hii nyumbani kwako, ijayo kwake, na shuka la kwanza kumalizwa liwe la yule aliyevuka mto.