Gari la Viti Viwili

Mwaka 1998 kilianza kuuzwa Ulaya kigari kiitwacho Smart, kilichoundwa Hambach, Ufaransa. Urefu wake mita 2.5 tu, na viti viwili: cha dereva na cha mwenzake. Watu wa Roma, wenye njia nyembamba, walikipenda, kwani huegeshwa mahali ambapo gari jingine halitoshi. Kuundwa kwake kulikoma mwaka 2024, lakini vingi vingali barabarani.

Wako wasemao kuwa kununua gari kama hilo ni uchoyo: mtu amejipimia nafasi yake, na wengine amewafungia mlango. Je, ni kweli?

Tutazame gari la viti vitano. Mara ngapi hupita na mtu mmoja ndani, viti vinne vitupu, mafuta yakiteketea kuchukua chuma kisicho na kazi? Hiyo ndiyo israfu. Kujipimia kadiri ya haja si uchoyo.

Lakini nawe mwenye kigari, usijisifu upesi. Udogo wa gari haumfanyi mtu kuwa mwema. Kiti cha pili kipo. Je, hukaliwa na nani? Ukimpita mzee aliyesimama juani, huna hata udhuru wa kusema gari limejaa. Na mwenye watoto watatu akikinunua kwa kujionyesha, amewadhulumu watu wake.

Basi tusihesabu viti vilivyomo, tuhesabu vinavyokaliwa. Mwenye vitano ataulizwa vinne, na mwenye viwili ataulizwa kimoja.