Mgongo wa Mwenzako

Mtu mzima ana mifupa 206, na katika hiyo 80 ndiyo mhimili wa mwili: fuvu, mbavu, kidari, uti wa mgongo, na vifupa vidogo vya masikio na koo. Uti una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha zile za chini zilizoungana. Baina ya pingili pana gegedu lipokealo uzito, na ndani hupita mishipa ya fahamu itokayo ubongoni. Gegedu likikandamizwa kwa miaka mingi huchakaa, na pengine hutokeza likagusa mshipa, maumivu yakashuka hata mguuni.

Tulia, huko Kitui, ni nchi ya ukame. Kwa desturi ya Ukambani mwanamke huchukua maji mgongoni, kwa ukanda uliopitishwa kichwani. Na dumu la lita 20 ni kilo 20, mwendo bado hatujauhesabu. Mzigo ule ni wa nyumba yake, na aliyemtwika ni ukame (ingawa wanaume wa nyumba hiyo nao wana la kujibu).

Sisi wa mijini pwani hatuna udhuru huo. Gunia la mahindi la Kenya, kwa mazoea, ni kilo 90. Na Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asichukuzwe zaidi ya kilo 55. Hamali alipwaye kwa gunia hulitwaa zima, akapanda nalo ubao hadi ghalani.

Tajiri atasema: “Amekubali mwenyewe, sikumlazimisha.” Hapa ndipo penye swali. Mtu aliyechaguzwa baina ya mgongo wake na njaa ya wanawe, je, ridhaa yake ni ridhaa? Mimi naona sivyo. Jasho mtu huliuza leo na kesho akawa nalo tena. Gegedu lililochakaa halirudi. Na Mtume alikwisha tukataza kuwatwika watumishi wasiyoyaweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Aliyeumia mgongo sharia imemruhusu kuswali ameketi. Lakini ni nani aliyemketisha?

Gunia na ligawanywe mawili, na ujira ulipwe kwa safari mbili. Nimeambiwa kwamba jambo hilo litachelewesha lori. Kweli litalichelewesha, labda saa moja.