Nyuzi Ndogo za Kila Siku



Ukipita kando ya ua wa shamba huku kwetu Burnt Forest, huenda ukaona jani limeviringika kama chapati. Likunjue taratibu: ndani yumo kiwavi. Wakulima wa pamba na bamia wanawajua wa aina hii kwa hasara wanayowatia. Lakini leo tusimwue upesi, maana ana somo kwa mume na mke.

Jani lina nguvu kumshinda kiwavi. Hawezi kulikunja kwa mvuto mmoja. Basi hutoa uzi wa hariri chini ya kinywa chake, akageuza kichwa huku na huku, akishikiza upande mmoja kwa mwingine. Kila uzi hujivuta kidogo. Uzi mmoja haulikunji jani, ila hulizuia lisirudi nyuma, na unaofuata huongeza kidogo. Mwishowe nyumba husimama, na ndege hamwoni kwa urahisi.

Utauliza: "Katekista, si Kanisa linafundisha kwamba makubaliano ndiyo yanayofanya ndoa? Tuliapa altareni. Nyuzi za nini tena?" Ni kweli, hatufungi ndoa upya kila asubuhi. Kiwavi naye hakuliumba jani, alipewa. Lakini je, jani lililoachwa wazi litamsitiri?

Wengi wetu hapa tunakumbuka mwaka 1992, na tena mapema mwaka 2008. Mume wa kabila hili aliambiwa na jamaa zake amrudishe kwao mke wa kabila lile. Wapo walioachana, siwahukumu, maana hofu ilikuwa kubwa. Wapo waliokataa. Mzee mmoja aliniambia kwamba kila alipotaka kutii jamaa zake, alimkumbuka mkewe akimwosha mama mkwe aliyekuwa hajiwezi kitandani. Akashindwa kumfukuza. Uzi uliofungwa siku ya amani ulishika siku ya vita.

Ndugu yangu, usingoje dhoruba ndipo uanze kusuka. Leo jioni mume aombe msamaha kwa lile neno la asubuhi. Mke naye asilirudie kosa alilokwisha kusamehe. Kisha salini pamoja, hata Baba Yetu moja. Ni kidogo, lakini kidogo hicho huzuia mapendo ya jana yasirudi nyuma.

Mungu azibariki ndoa zenu.